Barua ya KB 4 iliyokwama nyuma ya barua ya MB 30: tathmini yangu ya K-9 Mail na Thunderbird nikiwa Mtwara

Habari za leo wadau. Nimekuja na tathmini ya programu mbili za barua pepe, K-9 Mail kwenye simu ya Android na Thunderbird kwenye kompyuta, nimezitumia kazini tangu mwisho wa 2023 na nitazipima kwa jambo moja tu, lile lililonifanya nizitafute: ikiingia barua yenye mzigo mkubwa kupita kawaida, programu inafanya nini? Muonekano na rangi mtajionea wenyewe mkishaziweka, mimi hapa naongelea bando na muda wa watu.

Mimi ni karani wa nyaraka kwenye ofisi ndogo ya kliaringi hapa Mtwara mjini. Kuanzia mwezi wa kumi minada ya korosho ikishafunguliwa ndo hatulali, korosho zinashuka kutoka Tandahimba, Newala, Masasi, zinaingia maghalani, zinapangiwa kontena, na kila mzigo una makaratasi yake, invoisi, paking listi, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, BL (hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli) ikishatoka, na yote hayo siku hizi yanatembea kwa imeili. Intaneti yetu ni modemu ya laini ya simu yenye bando la mwezi, likiisha kabla ya tarehe kila mtu anachangia kutoka mfukoni. Kwa hiyo MB kwetu tunazihesabu kama tunavyohesabu karatasi za printa.

Sasa sikilizeni kilichotokea Novemba 2023. Kuna mteja alitutumia jioni nyaraka kurasa 14 zilizoskaniwa kwa rangi, faili moja la PDF la MB 22. Dakika kumi baadaye mwenzake wa ofisi hiyohiyo akatuma barua nyingine, mistari minne tu, kwamba jina la mpokea mzigo kwenye invoisi limebadilika, tusichapishe kwa jina la zamani. Hiyo ya pili ilikuwa na KB 4. Programu tuliyokuwa tunatumia enzi hizo, jina nalihifadhi, ilikuwa inashusha barua kwa foleni, ya kwanza mpaka iishe ndo inagusa ya pili, na haimuulizi mtu chochote. Ikaanza kushusha ile kubwa. Asilimia 40, 55, 71, mtandao ukakatika. Ikaunganisha upya, ikaanza sifuri. Ikafika 60, ikakatika. Sifuri tena. Nilikaa pale mpaka saa tatu usiku naangalia ule mstari unajaa na kurudi, unajaa na kurudi, nikaiacha ikiendelea nikaenda nyumbani kwa sababu nilikuwa na mtoto mgonjwa.

Asubuhi bando lilikuwa limeliwa karibu MB 300 na hakuna barua hata moja iliyoingia. Sisi tukachapisha kwa rasimu tuliyokuwa nayo tangu juzi yake, jina la zamani, tukapeleka. Saa nane mchana mteja anapiga simu ndo tunajua. Dereva wa lori alilala getini siku hiyo, mzigo ukasubiri nyaraka mpya. Bosi wangu ni mtu mzima, hana kelele, akaniita akasema, "Binti, mistari minne tu ndo imetugharimu siku nzima?" Nikamwambia, "Mzee, sikuiona, ilikuwa haijashuka." Akanitazama tu. Sikuwa na namna ya kumuelewesha, maana hata mimi sikuwa naelewa inakuwaje barua ndogo ishindwe kupita.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa kuuliza na kusoma. Ile programu ilikuwa imeungwa kwa POP3, utaratibu wa zamani wa kuchukua barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza barua zako, maelezo yake rasmi yanayotumika ni ya 1996. Kwa POP3 unaiambia seva nipe barua namba fulani, inakumwagia yote, na ikikatika katikati hamna amri ya kusema tuendelee tulipoishia. Alafu hata kufuta, seva inafuta kweli pale tu mnapoagana vizuri, mtandao ukikatika kabla hamjaagana hesabu inarudi kama ilivyokuwa, ndo maana kuna watu wanapata barua ileile mara mbili mara tatu wanadhani mtumaji amechanganyikiwa.

Ila tusiisingizie POP3 peke yake. Hata huko kuna amri ya kuomba orodha ya barua zote na ukubwa wa kila moja kabla hujachukua chochote, na seva nyingi zina amri nyingine ya kukupa kichwa cha barua na mistari michache ya juu tu. Kwa hiyo ile programu ilikuwa na uwezo wa kujua mapema kabisa kwamba hii ina MB 30 na ile ina KB 4. Seva ingeiambia, ikiulizwa. Ikachagua kutouliza, au iliuliza na haikunijali mimi niliyekaa mbele yake. Hapa ndo penye hasira yangu yote: programu ikishajua mzigo ni mkubwa inatakiwa inionyeshe umetoka kwa nani, unahusu nini, una uzito gani, na iniache mimi niamue kama nashusha sasa hivi, usiku bando la usiku likianza, au sishushi kabisa. Na wakati naamua, barua ndogo zipite.

Mtauliza mbona faili lilikuwa MB 22 na mimi nasema barua ya MB 30. Sikukosea. Imeili ilibuniwa kubeba maandishi, na viambatisho vilikuja rasmi 1992 pale Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipoandika utaratibu unaoitwa MIME, na njia waliyotumia ni kuligeuza faili liwe herufi za kawaida ili lipite kwenye mabomba yaleyale ya maandishi. Kila baiti 3 zinageuka herufi 4, ongeza na alama za kukata mistari, jumla inaongezeka kama asilimia 37. Kwa hiyo MB 22 inakuwa MB 30 barabarani. Hii hesabu wekeni kichwani kwa sababu ndo inawaumiza watu kwenye kutuma pia. Seva ikisema mwisho MB 25, watu wanadhani faili la MB 24 litapita, kumbe kama hiyo MB 25 inahesabiwa kwa barua nzima ilivyogeuzwa, faili lenyewe linatakiwa lisizidi kama MB 18.

Haya, K-9 Mail. Ni ya bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa kila mtu, ilianza 2008 na Jesse Vincent, na tangu Juni 2022 iko chini ya mradi wa Thunderbird. Oktoba 2024 wakatoa Thunderbird ya Android iliyojengwa juu ya K-9 hiyohiyo, kwa hiyo ninayosema hapa mtayakuta kote kote. Kijana mmoja wa steshenari ya jirani ndo aliniwekea, akaniunganishia kwa IMAP, utaratibu mwingine wa kufikia barua kwenye seva, badala ya POP3. IMAP aliianzisha Mark Crispin kule Stanford 1986 na kwa kazi yangu naiona ina akili zaidi, barua inabaki kwenye seva na programu inaweza kuuliza barua hii ina vipande vingapi, maandishi ni kiasi gani, kiambatisho ni kiasi gani, alafu ikachukua maandishi tu na kuacha faili hukohuko mpaka uliombe.

K-9 inatumia uwezo huo vizuri sana. Ukiingia kwenye setingi za akaunti, sehemu ya kupokea barua, kuna mahali unachagua barua ishushwe yenyewe mpaka ukubwa gani, ngazi ziko nyingi kuanzia KB chache mpaka MB kadhaa mpaka bila kikomo. Mimi nimeweka KB 32. Barua ya kawaida ya ukurasa mmoja wa maneno matupu haifiki hata KB 5, kwa hiyo KB 32 inatosha kwa mawasiliano yote ya maana. Ikija iliyozidi, unapata mwanzo wake, unasoma, na chini pana kitufe cha kushusha iliyobaki ukitaka. Kiambatisho kinaonekana jina lake na ukubwa wake, unagusa kile unachokitaka tu. Kama barua ina vyeti vitano na mimi nataka cha afya ya mimea peke yake nagusa hicho kimoja, vinne vinabaki kwenye seva na bando langu linabaki kwangu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Siku hizi ofisi nyingi zinaweka nembo kwenye sahihi ya imeili, nembo kubwa, yenye rangi, wakati mwingine na picha ya tuzo na picha ya maadhimisho, alafu mkijibizana mara kumi kila jibu linabeba nembo zote za nyuma. Mtu anakujibu "Sawa, nimepokea" na barua ina MB 2. Wadau wa maofisini hilo jambo liangalieni, mnawatoza watu hela bila kujua. K-9 nikiwa nimeweka kikomo changu inanipa "Sawa, nimepokea" na nembo zinabaki seva. Na zile picha zinazovutwa kutoka tovuti nyingine, K-9 na Thunderbird zote hazizivuti mpaka umeruhusu.

Mtihani wenyewe ulikuja Mei 2024, watu wa kusini mnakumbuka. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani tarehe 4, mvua zikabomoa barabara huko Kilwa, ya kwenda Dar ikakatika. Sisi imeili ikigoma huwa tunaweka nyaraka kwenye flashi tunampa kondakta wa basi, sasa basi hamna. Alafu tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kukwamakwama. Msimu ulikuwa umeisha ila tulikuwa na madai na marekebisho ya nyaraka yanaendelea na wateja wa nje. Siku hizo WhatsApp picha hazifunguki, tovuti hazifunguki, lakini barua za KB 3, KB 6, zilikuwa zinapenya kwa K-9 kwa sababu ilikuwa haijishughulishi na mizigo mikubwa iliyokuwa imekaa kwenye inboksi. Nilikaa hivyo siku mbili nikijibu wateja kwa maandishi matupu, nawaambia faili lako nimeliona lipo, MB 11, nitalishusha laini ikitulia, wewe niandikie tu namba ya kontena na tarehe. Hakuna aliyelalamika. Kwa ile programu ya zamani zile siku mbili ningekuwa kipofu.

Thunderbird ya kompyuta nayo nimeipenda ila inahitaji kushikwa mkono mwanzoni. Ukiiunga kwa IMAP inakuja ikiwa imewashwa kuhifadhi barua zote kwenye kompyuta, maana yake inashusha kila kitu polepole kwa nyuma ili ukikosa mtandao uweze kusoma. Kwa mtu wa faiba ni jambo zuri. Kwa mtu wa modemu, siku ya kwanza tu unaweza kuamka bando limeisha. Ingia setingi za akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, uizime hiyo au uweke alama kwenye kile kipengele cha kutoshusha barua zilizozidi ukubwa fulani. Kipo, namba iliyoandikwa pale ni KB 50, ila hakijawashwa, unakiwasha mwenyewe. Mimi naona ingekuwa bora iulize siku ile ya kwanza unapofungua akaunti, swali moja tu, unalipia intaneti kwa MB au hulipii? Jibu hilo lingepanga mengine yote.

Kwa wenye POP3, maana kuna watu seva zao za ofisi hazina IMAP, Thunderbird ukiiwekea kikomo hicho inachukua mistari ya juu ya barua kubwa na kukuandikia kwamba imekatwa, na linki ya kushusha iliyobaki. Hiyo ndo dawa ya ugonjwa ulioniumiza mimi Novemba ile. Ilikuwepo miaka yote, mimi ndo sikuwa najua.

Kingine kwenye Thunderbird, unaweza kuongeza safu ya ukubwa kwenye orodha ya barua alafu ukapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nikakuta barua kama thelathini tu zimekalia nafasi kuliko zote zilizobaki. Unaweza kutoa kiambatisho ukakihifadhi kwenye folda ya kompyuta na barua yenyewe ikabaki na maneno yake, tarehe yake, mtumaji wake, kwa kazi zetu za kukaguliwa hiyo ni muhimu mno. Ila mkumbuke ukifuta barua kwenye Thunderbird nafasi kwenye diski hairudi hapohapo mpaka folda ibanwe upya, kuna amri ya hivyo, na yenyewe huwa inakukumbusha. Wa Gmail nao wana njia yao, andika larger:10M kwenye kisanduku cha kutafuta, inakuletea zote zilizozidi MB 10. Ni msaada mkubwa kwa sababu zile GB 15 za bure wanagawana imeili, Drive (hifadhi ya mtandaoni ya Google) na picha.

Sasa upande wa kutuma, huku ndo kuna maumivu ya kimyakimya. Unaambatisha, unabonyeza tuma, unangoja nusu saa, modemu inapepesa, alafu mwisho kabisa unaambiwa kubwa mno. Umeshalipia MB zote. Na hii haina sababu, kwa sababu tangu miaka ya 1990 kuna utaratibu wa seva kutangaza mapema, pale tu mnaposalimiana, mimi napokea mpaka baiti kadhaa, na programu inaweza kutaja ukubwa wa barua kabla haijatuma hata herufi moja. Thunderbird inaisoma hiyo namba. Barua ikizidi inakataa palepale na kukuambia barua imezidi kikomo cha seva, haikutumwa, ipunguze ujaribu tena. Bando halijaguswa. Hicho kitu kimoja kwangu kina thamani kuliko mapambo yote.

Ila haiwezi kujua kikomo cha seva ya yule unayemtumia, inajua ya kwako tu. Unaweza ukapita kwako, ukafika kwake ukakataliwa, na wewe ukaletewa ile barua ya kutofikishwa kutoka kwa Mailer-Daemon, jina ambalo seva hutumia ikikuandikia yenyewe. Na kuna seva zinakurudishia barua nzima pamoja na kiambatisho chake! Umetuma MB 20 umelipia, inarudi MB 20 unalipia tena, kwa habari ambayo ingetosha mistari mitatu. Nilishakutana nayo Januari moja wakati meli iko gatini. Kwa K-9 sasa nikipata ya namna hiyo nasoma juu tu, najua imegoma, basi.

Njia ya linki, yaani faili linakaa kwenye hifadhi ya mtandaoni na barua inabeba linki tu. Gmail ikizidi MB 25 inakuhamishia Drive yenyewe. Thunderbird inakuuliza ukiambatisha faili linalozidi MB 5, kwamba ungependa kutumia huduma ya kuhifadhi, na unaweza kukataa. Mimi napenda ile ya kuuliza. Linki kwa anayepokea ni nzuri kwa sababu anachagua lini ashushe, lakini kwenye kazi za nyaraka ina shida mbili ambazo zimenitoa machozi. Moja, ruhusa. Unapokea linki saa nne usiku, unaifungua, unaambiwa omba ruhusa, mwenye faili kalala. Mbili, linki inakufa. Mkaguzi anakuja baada ya miaka miwili anataka cheti cha mzigo fulani, unafungua barua, barua ipo, linki haifunguki, cheti hakipo. Kiambatisho kingekuwepo. Kwa hiyo ofisini tumekubaliana nyaraka za kisheria ziende kama kiambatisho, zibanwe mpaka zitoshe, na picha za mzigo ndo ziende kwa linki.

Kubana kwenyewe si kazi ngumu, na hapa programu zote mbili naona zinaweza kusaidia zaidi. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni nukta karibu milioni 8.7. Ukiweka dpi 600 nukta zinakuwa mara nne, watu wanadhani mara mbili, hapana, mara nne, kwa sababu zinaongezeka kwa upana na kwa urefu. Alafu kwa rangi kila nukta inabeba biti 24, kwa nyeusi na nyeupe inabeba biti 1. Invoisi ni maandishi meusi, ya nini dpi 600 kwa rangi? Muhuri wa bluu unasomeka hata ukiwa mweusi, na pale panapotakiwa rangi kweli skani ukurasa huo mmoja. Programu ya imeili ikiona PDF ya kurasa 14 ina MB 22 ingeweza kusema tu, hili faili ni zito kuliko kurasa zake, unataka kulipunguza? Apu za simu kibao zinaweza kupunguza picha kabla ya kutuma, kwa PDF unahangaika mwenyewe.

Mapungufu mengine niyaseme. Kwenye K-9 ningependa ukubwa wa barua uonekane kwenye orodha yenyewe bila kufungua. Ningependa pia kikomo kibadilike chenyewe nikiwa kwenye waifai, KB 32 kwa bando na bila kikomo kwa waifai. Gmail ya Android ina kitu kinachokaribiana, kuna setingi ya kushusha viambatisho vyenyewe ukiwa kwenye waifai tu. Na kwa wote, ningependa siku moja nifungue programu asubuhi iniambie una barua tisa, nane zimeingia jumla KB 50, moja ina MB 30 kutoka kwa fulani inahusu BL, ishushwe? Ni sentensi moja. Taarifa zote ziko kwenye seva tayari.

Gmail yenyewe kwenye maandishi marefu ina tabia ya kukata barua ikizidi kama KB 102 na kuweka linki ya kuona yote kule chini. Hiyo inakata kwenye kuonyesha tu, barua nzima ipo. Wale mnaojibizana barua ndefu za makubaliano ya bei mshuke mpaka mwisho muiangalie hiyo linki, kuna mambo yanakaa mkiani.

Nyota nazipa hivi: K-9 nne na nusu, Thunderbird ya kompyuta nne, nusu nimeikata kwa ile setingi ya mwanzo na nusu kwa sababu mtu mgeni hawezi kuipata bila kuelekezwa.

Wiki iliyopita nilipanda Newala kwenda kwa wakala wetu anayekusanya nyaraka za maghalani, naye alikuwa analalamika bando halikai na barua haziingii. Nikamtolea POP3 nikamuweka IMAP, nikampa K-9, nikaweka KB 32, nikamuonyesha kitufe cha kushusha iliyobaki. Inboksi yake ilijaa hapohapo barua za siku nne zilizokuwa zimezuiliwa na video moja ya ghala ya MB 28 ambayo hata haikuwa inamuhusu. Ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya kwangu mimi, ya Jumatatu, nikimuuliza kwa nini hajibu.